Shimo ya Tata na Tumbo Yangu

Hapana, mama, kuzala haiko dawa. Kama kuzala ilikuwa dawa, bangeuzisha batoto mu pharmacie, na mi ningekamata moya asubui, moya mangaribi, kisha kulya.

Mama alikuwa anakoroga bukari, hakugeuka. Alisema tu: "Mi nilikuwaka vile vile. Kisha kukuzala weye, ikaisha."

"Njo kusema mi nilitoka nayo yote."

"Pengine," mama alisema, na akapiga mwiko ku sufuria.

Tumbo inaniluma tangu niko ku masomo ya sekondere. Haiko ile kuluma ya mwezi yenye banamuke bote banajua, yenye unakunywa mayi ya moto na unaendelea na kazi. Ni kuluma ya kulala chini ku ciment, juu kitanda iko mbali. Ku dispensaire ya hapa Kasulo balinipa dawa ya malaria. Kisha ya typhoïde. Kisha ya minyoo. Maskini minyoo, hata haikukuwako. Munganga mumoya akatosha appendice yangu, ile kidole ya tumbo, na balipoiangalia ilikuwa muzima kabisa, haikukoseaka muntu. Échographie, ile mashine ya kuangalia ndani ya tumbo, nayo ikasema hakuna kitu. Infirmière mumoya, mwenye kuchoma shindano, akaniangalia toka miguu mpaka kichwa, akasema: "Dada, tafuta bwana." Examen d'État ya kumaliza sekondere niliifanya na chupa ya mayi ya moto ku tumbo, na surveillant akaifungua juu alizani nilificha majibu ndani.

Njo jana yake nikaona docteur mwanamuke, anapimaka banamuke ku lopitalo ya mu ville. Alikuwa wa kwanza kuipa jina: endométriose.

"Ni nyama yenye inafanana na ile ya ndani ya kizazi," aliniambia, "lakini inaota inje, fasi haiko yake. Kila mwezi inavimba na inatosha damu kule kule."

"Kama creuseur mwenye anachimba mu parcelle ya bengine."

Alicheka. "Njo vile. Na échographie inaweza kupita juu yake bila kumuona."

"Dawa iko?"

"Ya kumutuliza iko. Kumufukuza kabisa, sitakudanganya."

Kisha akaanza kuniuliza. Ilianza lini? Zamani, nikasema. Inakushika mbele ya damu, ao pamoja na damu? Docteur, inaluma tu. Na siku ya katikati ya mwezi? Docteur, andika tu dawa.

Akaweka biki chini. "Weye unaenda mbio kupita ugonjwa yako. Sikia. Kama inaluma paka saa ya damu tu, tunaanza na bidonge, hapa hapa. Kama inaanza kukushika siku zingine pia, na ku choo, nitakutuma Lubumbashi, baangalie ndani ya tumbo na kamera kidogo. Siwezi kubahatisha. Kesho kutwa urudie na muntu mwenye anakuonaka ku nyumba."

Na mi mwenye kuandika kila siku mu cahier. Niliandikaka nani aligombana na nani ku robinet ya mayi, na vile kuku ya jirani ilikula sabuni yetu. Ya tumbo, hata mustari moya, juu mudogo yangu anaibaka ile cahier anasomea barafiki yake.

Sasa njo nilikuwa nabembeleza mama anisindikize, na kesho yake njo ilikuwa rendez-vous. Mama alikatala. Bidonge inafungaka kizazi, alisema. Na huyo docteur mwenyewe hana hata pete ku kidole.

"Mama, fundi ya radio nayo hana antenne ku kichwa."

"Na mi nitaenda kusema nini? Mi niko ku soko tangu asubui."

Ile ilikuwa kweli. Mwenye anashinda ku nyumba ni Tata, baba yangu, juu shimo yake iko nyuma ya jikoni. Anashuka na kamba, anatoka na mifuko ya mawe ya cobalt, yeye na ekipe yake. Na bachimbaji ya hapa banasemaka: mwanamuke mwenye kuwa mu damu akikaribia shimo, minerai, ile mawe, inakimbia. Njo vile kila mwezi Tata, mwenye hawezi kutaja ile maneno mbele ya binti yake, alikuwa anauliza mama pembeni: "Leo kamba inashuka?" Mama anajibu: "Ingoye." Na kamba inangoya, mpaka mi nabeba kitenge yangu naenda kuikala kwa nkambo, mama ya mama. Mukubwa ya ekipe ananiitaka Madame Directeur, juu njo mi nafungaka shimo.

Basi ile mangaribi tulikuwa tunakula, Tata, mama na mi. Mama akarudilia: "Docteur anataka muntu mwenye anajua. Hakuna mwenye anajua. Ngoya bwana, ngoya mutoto, itaisha."

Tata akakata bukari, akaichovya mu mboga ya sombe, hakuinua kichwa.

"Ilianza mwaka pompe ya kutosha mayi mu shimo ilikufa," alisema.

Tulimuangalia.

"Mbele ilikuwaka paka na damu. Kisha ile mvua yenye ilijaza mayi mu shimo, ikaanza kumushika mbele ya damu. Anaacha chakula ku sahani, anakunja mugongo. Mi nikiona sahani, naambia ekipe barudie kwabo. Kesho yake ao kesho kutwa, damu iko. Haikunidanganyaka." Akatafuna. "Kisha tukapata yale mawe ya muzuri, yenye tulinunua mabati. Njo akaanza kukawia ku choo na kulia mule. Ekipe yote inasimama inje. Mukubwa yabo alitaka kutuchimbia choo ya pili. Na tangu Pasaka, inamushika hata katikati ya mwezi. Mbele haikukuwaka."

Mu Kasulo, na mashimo chini ya manyumba, sakafu inafungukaka bila kulombwa. Ile mangaribi niliilomba inimeze, ikakatala.

"Tata ya batoto," mama alisema, "weye unahesabu mambo ya mutoto mwanamuke?"

"Nilikuwa nahesabu kazi yangu." Akamaliza tonge. Kisha akasema polepole: "Siku ya kwanza nilizani anakimbia kazi ya kusafisha sahani."

Nikauliza mi: "Na minerai, Tata? Mi nikienda kwa nkambo, inabakiaka?"

Alifikiri. "Inakimbiaka tu. Hata weye ukiwa kwa nkambo."

"Sasa naendaka juu ya nini?"

"Uliza mukubwa ya ekipe."

"Tata, kesho tunaenda na weye kwa docteur."

"Mi? Mule mwa banamuke? Hapana, mutoto yangu. Nitakuambia yote, weye utaenda kusema."

"Nitasahau. Docteur mwenyewe alisema naendaka mbio."

"Ile hakukosea," Tata alisema, na akanawa mikono kama muntu mwenye kumaliza maneno.

Mama njo aliamuka. Akaingia mu chumba, akatoka na chemise ya Tata ya misa, akaikunjua, akaitundika ku kiti. "Bidonge, mi sijakubali," alisema. "Lakini usiende kule na ile ya shimo."

Tata akaangalia chemise. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Kwa Tata, ile ni kukatala kwa heshima.

Basi mi niliamua. Kesho asubui nitaamuka mbele ya ekipe, nitapasha mayi yake ya kuoga, nitaita moto, ile pikipiki ya taxi, na nitamuikalisha mbele ya docteur, aanzie ku pompe. Akikatala, siku yangu ya damu iko karibu: ile mangaribi niliacha sombe yote ku sahani, na yeye aliona. Nitakamata kiti, nitaikala pa mulango ya shimo, kamba isishuke, na sitaondoka. Ekipe yake benyewe njo batamuvalisha chemise, na njo batamupandisha ku ile pikipiki.