Sahani ya Zuhura

Usiku ule nililala na furaha isiyo na haya. Kesho yake Zuhura, mkuu wa kitengo chetu pale kituo cha umeme, alikuwa anakwenda kusimama mbele ya meneja kueleza kwa nini mapanga ya turbini, yale mabawa yanayozungushwa na moto, mapya kabisa, yameliwa kama gunzi la muhindi. Jibu hakuwa nalo. Asipolipata, cheo kinahama, na aliye karibu zaidi kukipokea ni mimi. Kiti chake nilishakijaribu alipokwenda kunywa chai. Kilinikaa kuliko suruali zangu zote.

Mimi na Zuhura tulisoma pamoja masomo ya jioni. Mchana tunabeba vyuma, magharibi ikiingia tunabeba madaftari. Aliyetufundisha habari za aloi, vyuma vya mchanganyiko, ni Mwalimu Pazi, Mungu amrehemu. Darasa zima lilimpenda Mwalimu Pazi, naye alimpenda Zuhura. Mimi nikijibu swali, kwa sauti ambayo hata wauza chapati wa barabarani walielimika, yeye husema, "Haya." Zuhura akijibu, kwa kisauti cha mbu, mwalimu husema, "Haya sasa!" Hilo "sasa" lilininyima usingizi muhula mzima.

Basi nikalala. Sijui nililala kiasi gani. Nilijikuta darasani kwetu, viti vimegeuzwa juu ya meza, na mwalimu amesimama ubaoni. Hakuingia, alikuwepo tu, kama ukuta unavyokuwepo. Amevaa koti lake la buluu la karakana. Najua amekufa, na yeye anajua kwamba najua, wala hakuna anayelitaja.

"Shikamoo, mwalimu."

Hakuitikia marahaba. Akatazama nyuma yangu, kulia, kushoto.

"Zuhura yuko wapi?"

Jamani! Mtu ametoka ahera, safari yote ile, na neno lake la kwanza ni Zuhura. Nilihisi kifua kinachemka kama sufuria ya maharage.

"Yuko kwake, mwalimu. Mimi nipo."

"Nimepita kwake," akasema taratibu. "Hajalala. Siwezi kuingia kwa aliye macho."

Kumbe nimepata mgeni kwa sababu ya kukoroma.

Akageuka, akausukuma ubao, nao ukafunguka kama mlango. Tunaingia ndani ya turbini. Tunapita wima, wala hatuinami, na mtambo unazunguka kimya, moto mweupe unapita kati yetu kama upepo wa feni. Moto ule ungeweza kuivisha ng'ombe mzima akiwa bado anatafuta njia ya kukimbia, lakini mimi sitoki hata jasho. Mwalimu ananyoosha mkono, anashika panga moja. Lina mabaka ya kijani, limevimba na kuchubuka kama ngozi iliyomwagikiwa maji ya moto.

"Ukoko wake uko wapi?"

Ukoko lilikuwa neno lake. Alikuwa akitufundisha kwamba aloi nzuri, ikipata joto kali, hukutana na oksijeni ikaota ukoko mwembamba, uliokaza, kama ule wa wali chini ya sufuria. Ukoko ukishashika, moto hauli tena kilichomo. Ila likitokea la kuuyeyusha, panga linabaki uchi, na moto hauna huruma na aliye uchi. Nilikuwa nayajua hayo yote. Nikafungua kinywa nijibu, nikitaraji safari hii nami niambiwe "haya sasa."

Nikajikuta nimekaa mkekani, uani kwa mwalimu. Lile panga ni sufuria. Anapakua wali, anakwangua ukoko, anauweka juu, anaifunika sahani kwa kawa, anaisogeza karibu na goti langu.

Marehemu bibi yangu alinionya tangu utotoni kwamba aliyekufa akikupa chakula ndotoni, usile, hata awe mama yako mzazi. Nikarudisha mkono.

"Usijali," akasema mwalimu. "Si yako hiyo. Ni ya Zuhura."

Nikafunua kawa, nikala.

Ndiyo, nilikula. Bibi anisamehe. Hata ingekuwa sahani ya misumari, maadamu ni ya Zuhura ningeitafuna. Nilijaza tonge kama ngumi, nikavunja ukoko kwa meno. Lo! Chumvi! Bahari nzima ilikuwa imekaushwa ikamiminwa kwenye sahani ile. Ulimi ukajikunja, machozi yakanitoka.

"Mwalimu, nani katia chumvi?"

"Hajatia mtu. Umepikwa kwa maji yenu ya kuoshea mtambo."

Sufuria nayo ikaanza kumong'onyoka, vipande vya kijani vikidondoka mkekani bila sauti.

"Mwambie aonje maji."

"Nimwambie yeye? Kwani mimi sina ulimi?"

Akanitazama mara ya kwanza tangu aje.

"Unao, Sefu. Ndiyo maana nimekupa ubebe."

Nikaamka nimekaa kitandani, kinywa kikavu kama gunia la saruji. Na jambo lote likawa wazi mbele yangu. Mtambo wa kusafishia maji uliharibika, na vijana wetu wakavuta mpira kutoka kisima kipya kilicho nyuma ya karakana, kisima cha pwani, maji yake meupe kama kioo na chumvi yake ya kupikia pilau. Tukawa tunaosha turbini kwa chumvi, kisha tunaiwasha kwa dizeli yenye salfa. Vile viwili vikikutana motoni huyeyuka vikatambaa juu ya panga, na ukoko wote unakwenda.

Jibu ninalo. Nikajiona nimesimama mbele ya meneja na glasi ya maji: "Onja, mzee." Nikaona na kile kiti. Lakini salamu ya marehemu ina mwenyewe, na mimi nilishamlia mwenyewe sahani yake. Nikashika simu.

Akapokea kabla haijaita vizuri.

"Kaka Sefu? Kuna nini?"

"Mwalimu Pazi kanijia ndotoni. Anasema uonje maji ya kuoshea mtambo."

Kisha nikamsikia anavuta pumzi. "Kisima," akasema. "Mungu wangu, kile kisima!"

Nikangoja ahsante. Haikuja.

"Kakujia wewe?"

"Mimi."

"Tangu tumzike namngoja! Kila nikilala namwomba aje, hata asimame mlangoni tu. Leo kaenda kwako? Wewe uliyekuwa unasinzia darasani mpaka unadondosha kalamu?" Sauti ikapasuka. "Kwa nini wewe?"

Miaka yote nilitamani Zuhura anionee wivu, hata wa siku moja. Sasa ulikuwa sikioni mwangu, unalia, na sikujua niuweke wapi.

"Kaka Sefu." Alijifuta pua. "Yukoje? Siku zile za mwisho alikuwa amekwisha kabisa. Amenenepa?"

Mwili wake sikuutazama. Nilikuwa natazama sahani.

"Amenenepa," nikasema. "Amenenepa, dada yangu, mpaka vifungo vya shati vinadai talaka."