Chaki ya Mama Mkaguzi

Karatasi za mpira zikishatoka kwenye banda la moshi, zote hupitia mikononi mwa mama mkaguzi. Huinua moja dirishani, akafumba jicho moja kutafuta mapovu, akainusa kama maziwa ya jana, akaivuta karibu na sikio, kisha akaiandika daraja kwa chaki. Shemeji yake, mfunga marobota, hashangai tena. Hata nyumbani kandambili mpya hazivaliwi kabla hazijanuswa.

Siku moja akaja bwana wa wizarani, kuandika ripoti kama ghala lifungwe au liachwe. Akauliza kwa upole kama mpira wa nchi hii una mwelekeo wowote.

“Hebu nivulie kiatu, mwanangu.”

Kilikuwa kipya, cha ng'ambo. Bwana akasimama mguu mmoja, kashika meza, huku shemeji akijitia kufunga robota lililokwisha fungwa. Mama akakipeleka dirishani, akafumba jicho, akanusa, akaikunja soli sikioni. Akachora tatu kubwa kwa chaki, akamrudishia kwa mikono miwili.

“Mpira ni wetu huu, harufu yake naijua. Andika hivyo hivyo, baba: tuliwauzia daraja la kwanza, wametuvisha la tatu.”