Syombua Ahamishia Maabara Barazani

Saa tatu asubuhi, Syombua Kisilu anajidunga kidole chake mwenyewe kwenye baraza ya kituo cha utafiti wa malaria, karibu na Msambweni. Kina mama wa kijiji cha Gazi wanamtazama. Wamekuja bila watoto.

"Damu hii ni yangu," anawaambia. "Hebu tuifuate tuone inakokwenda."

Ukimuuliza kazi yake, Syombua hukupeleka kwenye nyumba ya udongo. Chembe ya damu, anasema, ina kiunzi cha protini ndani, kama fito zinazoshika kuta. Kidudu cha malaria kikiingia, huzivuruga fito hizo. Yeye huzitafuta kwa kingamwili zilizotiwa rangi inayong'aa, ambazo hunata kwenye protini hiyo tu. Kisha mashine hupitisha chembe moja moja mbele ya mwale wa leza na kusoma mng'ao wake.

"Kazi tamu," anasema mama huyu wa miaka 38, aliyekulia kwenye makazi ya Shimba Hills. "Lakini ilinitoa jasho."

Rangi hiyo hufifia ikipigwa na mwanga. Basi Syombua alikuwa akifunga mlango na mapazia tangu asubuhi. Mapema mwaka huu wa 1998, kina mama walipita kumjulia hali, wakamkuta gizani na damu ya watoto wao iliyotolewa kliniki. Huku mgeni hufunguliwa mlango hata kama hakuna cha kumpa, na maneno ya mumiani wanaonyonya watu damu hayajaisha. Waliondoka hata chai hawakunywa. Siku ya kliniki iliyofuata hakuja mtu.

Bila damu ya pili, inayotolewa mtoto akishatibiwa, ile ya kwanza, ya wakati wa ugonjwa, haina maana. Kazi ya mwaka mzima ilikuwa inakwenda na maji.

"Nililia, sikufichi. Kisha nikajiuliza, mbona ninajifungia mapema hivi? Kabla ya rangi, mwanga hauna ubaya wowote."

Ndiyo maana leo anazikaza chembe kwa dawa zisipasuke, na kuzitoboa ngozi ili kingamwili zipite, hapa hapa barazani. Wakati wa rangi ukifika, anaifunika mirija yenye chembe hizo kwa leso yake.

"Mama zangu, naomba sasa tuingie ndani. Kuna giza kidogo."

Inapokaribia adhuhuri, kioo cha mashine kinajaa nukta, kila moja ikiwa chembe ya damu ya Syombua. Mbeyu Mwero, mkubwa wao, anasogea karibu.

"Na za mjukuu wangu ziko wapi, mwanangu?"

"Za kwanza nilizipima, mama. Kiunzi kilikuwa kimevurugika. Kama kimetengemaa sijui, sina damu yake ya sasa."

Mbeyu anamgeukia mwenzake aliye mlangoni.

"Nenda kamwambie mamake, Jumwa, amlete mtoto. Sasa hivi, kabla hajalala."

Syombua anajifanya anapangusa meza, lakini machozi yanamlengalenga.

"Nikimaliza kazi hii, nitawafundisha wasichana wa hapa hapa," anasema. "Nataka mmoja wao aiwashe mashine hii, na mamake ajisifu mpaka watu wamchoke."