Mfuko wa Joto Wodini

"Huyu mtoto si wa kujaribia vitu vya chuo!" nesi alifoka.

"Lakini sister, daktari wenu ndiye tuliyeutengeneza naye mfuko huu, na umepimwa," alijibu mwanafunzi wa uhandisi, amekumbatia mfuko wa kupasha watoto joto.

"Basi ingia wewe kwanza, tuone."

Mwanafunzi akaketi kitini, akavua viatu, akaingiza miguu. Nilikuwa nimempakata mtoto wa dada yangu, aliyezaliwa kabla ya wakati, vidole baridi kama maji ya bomba asubuhi. Mara tukasikia mkoromo wake. Wodi nzima ikaangua kicheko. Dada akashikilia mshono wake wa upasuaji. Niliacha shule kidato cha pili, lakini sijawahi kuona mtu akipita mtihani kwa kukoroma.

Nesi mwenyewe akamlaza mtoto wetu humo. Vidole vikapata joto.

Jioni mwanafunzi alirudi kuuchukua. Nesi akaziba mlango: "Wewe nenda. Mfuko unabaki."