Kengele ya Tantine Feza

Nakumbuka siku niliyogonga kengele bure, kwa kicheko tu. Mwanangu, usinitazame hivyo. Ndevu zangu hazijaota na mwalimu wa hesabu bado ananitoa darasani, ila leo acha nizeeke kidogo, nikupe nasaha.

Kengele yenyewe inaning'inia kwenye kiwanda cha mikate cha Tantine Feza, dada wa baba, hapa mtaani kwetu Shituru. Tantine alijifunza kuoka Japani, akarudi na desturi za huko. Asubuhi anasafisha choo yeye mwenyewe, patroni mzima, mwenye kiwanda, ndipo watu washike unga. Na yeyote anayeona kasoro anagonga kengele. Kazi yote inasimama, Tantine anakuja, anainama, anashukuru. Haulizi "nani?" Anauliza "juu ya nini?", yaani kwa nini, mpaka mzizi uonekane.

Basi likizo ile nilikuwa namsaidia. Nikagonga, nione patroni akiniinamia mimi. Akaja mbio, unga mpaka viwiko.

«Asante, baba. Umeona nini?»

«Nimeona Tantine anainama!»

Hakucheka mtu. Mikate ikaanza kunuka moshi. Mlangoni, mama mmoja muuzaji akapiga kelele: «Feza, leo tutauzisha makaa?»

Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Nikangoja kofi. Tantine akawageukia wafanyakazi, akainama chini zaidi.

«Munisamehe. Mutoto ni wangu, sikumufundisha kengele ni ya nini.»

Papa Kalenga, mzee wa tanuri, akafoka: «Patroni, umufukuze huyu!»

«Nikimufukuza juu ya kengele, kesho nani ataigonga?»

Heri kofi, mwanangu.

Wiki iliyofuata, nikichekecha unga, nikaona waya wa chekecheo umekatika, vipande vimepotelea ungani. Nikaitazama kengele. Nani ataniamini? Nikawaza watoto wa Shituru wakiuma mkate ule. Nikagonga.

«Aa, kichekesho imeanza tena!» akasema Papa Kalenga, na mikono yote ikaendelea na kazi. Tantine peke yake akaja mbio vilevile, akainama vilevile.

«Asante, baba. Umeona nini?»

Nikamwonyesha waya. Papa Kalenga akachungulia, akaweka koleo lake chini, akainama na yeye, vibaya, kama mtu anayetafuta kifungo kilichoanguka.

Mwanangu, cheka, kicheko hakikatazwi. Lakini usichezee kitu ambacho wenzako wanakitegemea kusema ukweli. Na siku ukiwa na watu chini yako, tangulia kufagia, tangulia kuomba msamaha. Ukiuliza "nani" watakuficha, ukiuliza "juu ya nini" watakuonyesha. Mungu akupe patroni wa namna hiyo, au akufanye wewe uwe yeye.

Jioni ile nilimweleza mama yote, nikamalizia kwa kuinama kama Mjapani kabisa. Akanyoosha kidole pembeni.

«Mungu akubariki, mutoto yangu. Sasa, kwa vile umekwisha kuinama, ufagio iko pale chini.»