Shemeji, Mwanao Ananikataa

Juzi nilikuwa ofisi ya wakala wa forodha, Tunduma, nikisubiri hati za mzigo. Karani akamwambia mwenye ofisi, "Baba mdogo, nimepata kazi Vwawa. Mwisho wa mwezi naondoka."

Mwenye ofisi akampigia simu mama yake karani, akaweka spika. "Shemeji, mwanao ananikataa."

"Sijakukataa, baba. Naacha kazi tu."

"Kazi hii ni mimi!"

Mama akasema kwa upole, "Kaa kwanza, mwanangu. Tutaitisha kikao."

Karani akakaa, akagonga muhuri hati zangu bila kuniangalia.

Aliyeajiriwa na mtu baki huandika barua akaenda zake. Aliyeajiriwa na ndugu husubiri ukoo ukutane, na ukoo hauna haraka. Mke wangu naye aliambiwa asubiri, alipotaka kuondoka dukani kwa kaka yake. Amefariki akiwa bado muuzaji wa pale.