Mashati ya Shemeji

Shangazi yangu, dada yake baba, ndiye mtunzaji wa ile nyumba ya mmisionari iliyogeuzwa makumbusho, mkabala na kwetu. Usicheze naye. Ukiingia na viatu vya matope atakupa makavu, hata uwe umevaa suti. Kila mwezi hufungua kabati la marehemu mmisionari, hutoa mashati yake meupe, huyafua kwa mkono, huyaanika uani, kisha huyapiga pasi kama vile mwenyewe ana safari kesho. Ndiyo maana baba humwita mmisionari "shemeji", utani ambao mtaa mzima unaujua.

"Shemeji yangu hajambo?" baba humuuliza.

"Hajambo. Tena hanuni wala haulizi chakula kiko wapi," Shangazi hujibu. "Mume gani tena mnanitafutia?"

Amekuwa mjane muda mrefu, na mimi nilikuwa nikimwonea huruma. Mapenzi yote yale kupewa kabati!

Basi akaja fundi seremala kutengeneza madirisha ya makumbusho, naye kafiwa na mkewe. Siku ya kwanza tu alimkuta Shangazi akinyoosha kola ya marehemu.

"Huyu ana bahati," akasema. "Mimi niliye hai, shati langu halijaona pasi tangu mama watoto anitoke."

"Kwani pasi nayo ilizikwa?"

Loo! Mwingine angekusanya misumari yake akaondoka. Yeye alicheka mpaka akaangusha nyundo, na jioni ile ile akaja kumwambia baba waziwazi kwamba anamtaka dada yake.

Shangazi alipofikishiwa habari alikuja juu. "Mtu mzima mimi, mnataka watu wanicheke?" Lakini hakusema hapana. Ndiyo nayo hakuitamka. Madirisha yakawa yanakwisha, na fundi alikuwa na kazi nyingine inamngoja mji wa mbali, basi akawa anapiga randa polepole kama mgonjwa. Mimi roho juu. Nilitamani nimshike Shangazi mabega nimtikise.

Asubuhi ya mwisho fundi alikuja kuchukua vifaa vyake, mimi na baba tukaenda kumuaga. Akapapasa nyuma ya mlango wa jiko, kwenye msumari alipozoea kutundika shati lake la kazi. Halikuwepo. Tukatoka naye uani kulitafuta.

Kwenye kamba yalining'inia mashati meupe ya marehemu. Katikati yao lilikuwepo moja la bluu, mfuko wake uliochanika umeshonwa, bado linachuruzika maji.

Shangazi alikuwa ameinamia beseni, hamtazami mtu. "Halijakauka," akasema. "Utasafirije na shati bichi?"

"Litakauka lini?" fundi akauliza.

"Nitajuaje mimi? Labda likae hapa hapa."

Machozi yalinitoka, nikacheka nayo. Baba akapaza sauti: "Shemeji!"

Fundi akageuka kuitazama nyumba, akidhani anaitwa yule wa siku zote.

"Wewe, bwana!" baba akasema. "Wewe!"